Mtoto tumboni hana matamvua ya samaki

Dai kwamba binadamu akiwa tumboni hupitia hatua ya kuwa samaki, mwenye matamvua kabisa, linarudiwa hadi leo. Aliyelieneza zaidi ni Ernst Haeckel, mwanabiolojia wa Jena, Ujerumani, aliyejaliwa kipaji cha kuchora na kuwaandikia watu wa kawaida. Kipaji hicho ndicho kilichomponza. Mwaka 1868 alichapisha michoro ya viinitete (viumbe vichanga kabla ya kuzaliwa au kuanguliwa) vya mbwa, kuku na kobe, vyote pacha. Vingeachaje kufanana, wakati ni mchoro mmoja uliopigwa chapa mara tatu? Ludwig Rütimeyer, mwanasayansi mwenzake, alimuumbua upesi.

Hata hivyo, dai halikuzuka hewani. Karibu wiki ya nne tangu mimba kutungwa, shingoni hujitokeza matuta kadhaa. Kwa samaki, baadhi yake huwa matamvua. Kwetu hayapumui kamwe: tuta la kwanza hutoa taya la chini na vifupa viwili kati ya vitatu vya sikio la kati. Karl Ernst von Baer, mwanasayansi wa viinitete, alishaeleza mwaka 1828, miaka 40 kabla ya Haeckel, kwamba kiinitete hufanana na viinitete vya wanyama wengine, si na mnyama aliyekomaa.