Una pumu? Sema kabla hujapewa dawa ya presha au ya macho

Malalamiko tunayopokea huku famasi siku hizi yanafanana sana, mtu kapewa vidonge na jirani, kameza, kifua kimebana au moyo unaenda mbio, afu anakuja kusema dawa ni feki. Mara nyingi sio feki jamani. Ni dawa nzima kabisa ila aliyeimeza siye aliyeandikiwa.

Kuna mishipa ya fahamu inayoendesha moyo, mapafu, utumbo, kibofu na mboni ya jicho bila wewe kuiamrisha, na dawa nyingi zinazoigusa haziishii sehemu moja. Propranololi inashusha mapigo ya moyo, inapunguza kutetemeka na inazuia kipandauso kisirudi rudi, lakini hiyo hiyo inabana njia za hewa kwa mwenye pumu na anaweza kufa. Halafu kuna vijana wanapeana kabla ya intavyuu ili mikono isitetemeke, hamuulizani hata kama mwenzako ana pumu! Hiyo ni dawa ya cheti cha daktari.

Matone ya timololi ya presha ya macho ndo watu hawayafikirii kabisa. Yanapita kwenye kijitundu cha machozi, yanashuka puani, yanaingia kwenye damu, kwa hiyo tone la jicho linaweza kumbana kifua mwenye pumu. Mwambie daktari wa macho mapema, dawa nyingine zipo. Na hata kama huna pumu, ukishatia tone fumba jicho, bonyeza kona yake ya ndani karibu na pua kama dakika 2.

Anayetumia dawa za presha kama atenololi au propranololi asiache ghafla eti presha imeshuka. Imeshuka kwa sababu unameza. Mwenye ugonjwa wa moyo akikatisha ghafla anaweza kupata maumivu makali ya kifua, hata shambulio la moyo, ndo maana daktari anapunguza dozi taratibu.

Sasa pampu, ile ya pumu ya kuvuta kwa mdomo. Hili la kwamba pampu inazoesha tumelisema mpaka tumechoka, HAIZOESHI. Mvuto mmoja wa salbutamoli, dawa iliyomo kwenye pampu, una mikrogramu 100 na unakwenda moja kwa moja kwenye mapafu. Kidonge cha miligramu 4 ni mikrogramu 4000, yani sawa na mivuto 40, na kinazunguka mwili mzima, lazima mikono itetemeke na moyo ukimbie. Mtu anaikimbia pampu kwa kuogopa madhara afu anameza kidonge! Ila pampu hiyo inafungua tu njia za hewa, haitibu uvimbe uliomo ndani, ukiona unaihitaji zaidi ya mara 2 kwa wiki rudi kliniki upewe na ile ya kuzuia. Mtoto asiyeweza kuvuta vizuri, chukua chupa safi ya plastiki ya nusu lita, toboa kitako tundu la kutosha mdomo wa pampu, yeye apumulie upande wa mdomo wa chupa. Ilipimwa Afrika Kusini na inafanya kazi.

Hayosini ya msokoto wa tumbo: mzee mwenye tezi dume anaweza kuziba mkojo, aulize kwanza.

Kuhusu cheti, kiwe na jina la mgonjwa, umri, tarehe, jina la dawa, dozi, idadi ya siku, jina na saini ya aliyeandika. Kikikosa kimojawapo mtoa dawa akikurudisha usimgombeze. Duka la dawa muhimu nalo lina orodha yake, haliuzi kila kitu. Na dawa za mafua zenye pseudoefedrini ukiuziwa kidogo usinune, kwanza zinapandisha presha, pili ni kemikali bashirifu, yani zinazoweza kutengenezea dawa za kulevya, kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988, na hapa Tanzania kemikali hizo zinaangukia sheria ya dawa za kulevya ya 2015, maana yake anayekusanya maboksi bila kibali anashughulikiwa kama kesi ya dawa za kulevya, polisi na mahakama, sio onyo la mdomo.

Ukipata madhara usitupe boksi. Njoo nalo kituoni, waombe fomu ya njano ya madhara ya dawa, ijazwe jina la dawa, namba ya toleo, siku uliyoanza kutumia, siku madhara yalipoanza na dawa nyingine zote ulizokuwa unatumia, za kienyeji pia. Fomu inakwenda TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Hakuna malipo na hakuna atakayekukamata kwa kuripoti.