Kwa nini walimu wa shule moja wanachoka kuliko wa shule jirani?

Chukua shule mbili za msingi katika kata moja ya Tanzania. Ngazi za mishahara ni zile zile za serikali. Madarasa yamejaa, na ule uwiano rasmi wa wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja umebaki kwenye makaratasi. Lakini huku walimu wanaandika barua za uhamisho kila mwaka, kule hata aliyepangiwa kuhama anasikitika. Mara nyingi tofauti ni mwalimu mkuu.

Mwaka 1979 mtafiti wa Marekani, Robert Karasek, alieleza kwamba mfanyakazi huelemewa zaidi pale kazi nyingi zinapokutana na kukosa sauti juu ya namna ya kuzifanya. Watafiti waliomfuata wakaongeza jambo la tatu: kuungwa mkono na kiongozi na wenzako.

Mwalimu mkuu hawezi kupandisha mshahara wa mtu. Ila ratiba iko mikononi mwake, na zamu, na ruhusa ya kwenda kumuuguza mtoto. Hata barua ya mwalimu kwa mkurugenzi wa halmashauri hupitia kwake, ule mstari wa “K.K. (kupitia kwa) Mwalimu Mkuu” una uzito kuliko unavyoonekana. Barua ikikaa mezani wiki tatu bila maelezo, mwenye barua hapati usingizi.

Kinachochoma kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni upendeleo. Vipindi vingi mwalimu anavibeba akiona wenzake nao wanabeba. Akigundua kuwa fulani hapangiwi zamu kwa sababu ni mtu wa karibu na ofisi, mzigo ule ule unakuwa mzito maradufu, na mazungumzo ofisini yanageuka minong'ono. Vilevile kukaripiwa mbele ya wanafunzi: mwalimu anarudi darasani, lakini moyo wake haurudi.

Tusimwonee mkuu mwenyewe. Naye anadaiwa takwimu na afisa elimu kata, anaulizwa matokeo ya darasa la saba, na wengi waliteuliwa kwa sababu walifundisha vizuri, kazi ambayo ni tofauti kabisa na kuongoza watu wazima. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu (ADEM) pale Bagamoyo hutoa mafunzo ya uongozi wa elimu. Ningependa kila mwalimu mkuu ayapate kabla ya kukabidhiwa ofisi, na kusikiliza walimu kuhesabiwe katika kupima kazi yake, sawa na ufaulu.