Mawe kwenye figo: ni chakula, ni maji, au ni hizi vitamini tunazokunywa?

Mimi ni nesi kwenye kliniki moja ndogo hapa Arua, Uganda, na kiangazi kikishaanza, Disemba mpaka Machi, wagonjwa wa mawe kwenye figo wanaongezeka. Juzi tuliletewa kijana wa bodaboda, wenzake wa steji wamemshika huku na huku, amejikunja anashika ubavu wa kushoto, kukaa hawezi kulala hawezi, anatapika tu. Mkojo wake ulikuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Tulipomvua jaketi kikadondoka kichupa cha vitamini C, zile za kuyeyusha kwenye maji, kidonge kimoja miligramu 1000, na mke wake akasema anakunywa mbili kila siku tangu wakati wa korona. Yeye, mke wake na hao wenzake waliniuliza maswali mengi, nayaandika hapa maana nayasikia kila wiki.

Hayo mawe yanatoka wapi, ni kokoto za kwenye maharage au mchanga wa mukene (dagaa)?

Hapana kabisa. Kokoto ukiimeza inapita tumboni inatoka chooni, haina njia ya kufika kwenye figo. Jiwe linajitengeneza hukohuko ndani ya figo. Mkojo unabeba chumvichumvi nyingi, sasa maji yakiwa machache zinaanza kushikana, kama ile chumvi unayoikuta imeganda kwenye sufuria maji yakikauka. Karibu mawe 8 kati ya 10 yana kalisiamu, na sana sana ni kalisiamu iliyoshikana na kitu kinaitwa oksaleti. Mengine ni ya asidi ya yuriki, mengine yanaletwa na maambukizi ya njia ya mkojo.

Vitamini C si ni ya kinga? Inaingiaje hapo?

Mwili hauweki akiba kubwa ya vitamini C, ile inayozidi inatoka kwa mkojo, na sehemu yake inageuzwa kuwa oksaleti, ndo hiyo hiyo inayotengeneza mawe. Mwanaume mzima anahitaji kama miligramu 90 kwa siku, mwanamke 75. Pera moja lililoiva linatosha siku nzima! Sasa mtu wa 2000 kwa siku anakunywa zaidi ya mara 20 ya anachohitaji, kila siku, na hakuna aliyemwandikia.

Huko Uswidi walifuatilia wanaume zaidi ya 23,000 kwa miaka kama 11, matokeo yakatoka 2013: waliokuwa wanameza vidonge vya vitamini C peke yake walikuwa na hatari ya mawe karibu mara mbili ya wasiomeza vitamini yoyote, ila wa multivitamini haikuonekana hivyo. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi moja kwa moja kwamba kidonge ndo kilileta jiwe, na hata huyu kijana wetu siwezi kusema ni vidonge tu, maana anashinda juani kutwa bila maji. Lakini nilimwambia aache, na wewe ambaye umewahi kupata jiwe nakuomba uache pia. Machungwa na mapera endelea kula, hayo hayana shida.

Kama jiwe ni kalisiamu, basi niache maziwa na mukene?

Hapa ndo watu wengi wanakosea, hata sisi wahudumu wa afya zamani tulikuwa tunakosea. Usiache! Kalisiamu ya chakula inakutana na oksaleti tumboni, zinashikana hukohuko na kutoka chooni, haziendi kwenye figo. Ukiacha maziwa, oksaleti inabaki bila mtu wa kuishika, inaingia kwenye damu, inafika kwenye figo. Kule Italia waliwachukua wanaume 120 waliokuwa na mawe ya kujirudia, 60 wakapunguziwa kalisiamu, 60 wakala kalisiamu ya kawaida ila chumvi na nyama kidogo. Baada ya miaka 5, kwa wale wa kwanza mawe yaliwarudia 23, kwa wa pili 12 tu.

Vidonge vya kalisiamu ni habari nyingine. Marekani, utafiti wa wanawake zaidi ya 36,000 waliokoma hedhi ulionyesha wale waliopewa kalisiamu pamoja na vitamini D walipata mawe zaidi kwa asilimia 17. Lakini mama mjamzito uliyepewa kalisiamu kliniki usiitupe, una sababu ya kuinywa, uliza kwanza.

Na dodo (mchicha), karanga, simsim (ufuta)?

Vyote vina oksaleti nyingi, dodo hasa, na chai ya rangi pia. Lakini ni chakula chetu, na kizuri, siwezi kumwambia mtu wa huku kwetu West Nile aache simsim. Chemsha dodo, mwaga yale maji, ndo uunge, hapo oksaleti inapungua sana. Kula pamoja na mukene au maziwa mlo huo huo. Na punguza chumvi jamani, chumvi inafanya figo itoe kalisiamu nyingi kwenye mkojo, halafu watu wanaongeza tena mezani kabla hata hawajaonja, wanaongeza kwenye muchomo, kwenye chipsi. Nyama nyingi kila siku nayo inaongeza asidi ya yuriki.

Wanasema bia inasafisha figo?

Haisafishi. Inakukojoza halafu inakuacha mkavu.

Maji kiasi gani?

Ya kukufanya ukojoe kama lita 2 na nusu kwa siku, na kwa jua la hapa lazima unywe zaidi ya hapo. Angalia rangi, iwe ya maji ya ndimu, na hiyo ndimu ukikamulia ndani ni vizuri, ina sitrati inayozuia chumvichumvi zisishikane.

Litatoka lenyewe au ni kupasuliwa?

Lililo chini ya milimita 5 mara nyingi linatoka lenyewe, ndo maana tunataka skani tujue ukubwa. Ukiwa na homa pamoja na hayo maumivu, au mkojo umekata, au una mimba, usingoje asubuhi, nenda hospitali usiku huo huo. Kama umeambiwa usubiri nyumbani, kojoa kupitia kichujio cha chai, ukitenge kabisa, kisirudi jikoni. Kijana wetu alikipata siku ya nne, kijiwe cha kahawia kama nusu punje ya mchele, kina vimiba. Akakileta kwenye karatasi ya daftari, tukakipeleka maabara.