Seli ya Hidrojeni: Inavyozalisha Umeme, Faida na Gharama Zake

Seli ya hidrojeni ni kifaa kinachozalisha umeme kwa kuunganisha hidrojeni na oksijeni bila kuwasha moto, na mabaki yake ni maji na joto tu. Tofauti na betri, haihifadhi umeme ndani yake: hufanya kazi maadamu gesi zote mbili zinaingia, na mojawapo ikikatika huzima. Ndivyo ilivyokuwa Aprili 1970, tangi la oksijeni lilipolipuka katika chombo cha Apollo 13 kikiwa njiani kwenda mwezini. Seli zake tatu, zilizowapa wanaanga umeme pamoja na maji ya kunywa, zilizimika ingawa hidrojeni ilikuwa bado ipo.

Katika aina inayotumika kwenye magari, kiini cha seli ni utando mwembamba wa plastiki maalumu uliopakwa chembechembe za metali ya platini pande zote mbili. Hidrojeni huingia upande mmoja, uitwao anodi, na hapo platini, ambayo ni kichocheo (huharakisha mmenyuko bila yenyewe kuisha), huigawa kuwa protoni, chembe zenye chaji chanya, na elektroni, zenye chaji hasi. Utando hupitisha protoni lakini huzuia elektroni, kwa hiyo elektroni hulazimika kuzunguka kwa njia ya waya wa nje, na mwendo wao huo ndio umeme unaozungusha mota. Upande wa pili, yaani kathodi, elektroni hukutana tena na protoni pamoja na oksijeni ya hewani, na maji hutokea. Seli moja ikiwa kazini hutoa takriban volti 0.7 tu, ndiyo maana hupangwa kwa mamia. Toyota Mirai ya kwanza, iliyotoka mwaka 2014, ilikuwa na seli 370.

Gari la namna hii halitoi moshi, halina kelele za injini, na tangi lake hujazwa kwa dakika chache. Kilo moja ya hidrojeni ina nishati karibu mara tatu ya kilo moja ya petroli. Hata hivyo ni gesi nyepesi mno, hivyo ili kilo tano tu zitoshe garini hushindiliwa kwa kanieneo ya takriban mara 700 ya ile ya hewa ya kawaida, jambo linalohitaji matangi imara na ya gharama kubwa.

Upungufu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, hauonekani garini kabisa. Kupata kilo moja ya hidrojeni kwa kutenganisha maji hutumia uniti 50 hadi 55 za umeme, ilhali seli hurudisha uniti zisizozidi 20 hivi. Betri ingerudisha zaidi ya asilimia 80 ya umeme ulioingizwa. Isitoshe, hidrojeni nyingi inayouzwa duniani leo hutokana na gesi asilia na makaa ya mawe, na kila kilo inayotengenezwa kwa gesi asilia huacha takriban kilo tisa au zaidi za hewa ukaa kiwandani.

Kwa gari dogo la mjini, basi, betri inatosha na ni nafuu zaidi kuiendesha. Seli ya hidrojeni inastahili kufikiriwa pale ambapo uzito wa betri au muda wa kuichaji ni kikwazo, kama vile kwenye malori ya masafa marefu na treni za reli zisizo na nyaya za umeme; Ujerumani ilianza kutumia treni za hidrojeni kubeba abiria mwaka 2018.