Sashe uliyotupa Kadutu njo inazima taa yako: takataka ni ya nani kufuatana na sheria?

Mvua ikinyesha usiku mzima hapa Bukavu, najua asubuhi simu itanililia kabla hata sijakunywa chai. "Papa, Leta (serikali) iko wapi? Mukuje muone, kanivo (mfereji) imejaa, mayi inaingia mpaka mu nyumba!" Mimi natumika mu servisi ya mazingira, si mkubwa sana lakini watu wa kartie (mtaa) wananijua, na wengi wanazani niko na lori kwenye mfuko wa suruali. Basi leo acha niandike kwa urefu kidogo, nieleze takataka inatoka wapi, inaenda wapi, na sheria yetu inasema ni ya nani kwa kila hatua, kwa sababu hapo njo tunapotezana, kila mtu anazani ni ya mwingine.

Tuchukue sashe moja tu. Mama ananunua mandazi mbili kwenye soko ya Kadutu, komine (sehemu ya mji) moja hapa Bukavu, wanamtilia mu sashe nyeusi ya plastiki, mandazi inaisha mbele afike nyumbani, sashe inaanguka chini. Hapo hakuna mtu anafokea mwenzake, sashe ni kitu kidogo. Lakini angalia mji wetu ulivyo: kule juu nyumba zimepandana mlimani moja juu ya kichwa ya ingine, njia ni ngazi za udongo, gari haifiki, hata chukudu ya watu wa Goma, ile ya mbao ya kusukuma mizigo, ingeshindwa. Mzee mmoja wa kule aliniambia bila haya, "sisi mvua njo lori yetu", yaani wanaweka takataka mu gunia, wanangoja mawingu yajae, mvua ikianza tu wanamwaga yote kwenye mfereji. Nilicheka lakini baadaye nikajiuliza, ningekuwa yeye, gari haijawahi kufika kwenye avenyu yangu tangu nizaliwe, ningefanya nini?

Sasa ile sashe inateremka na mto Kawa ama mto Wesha, inapita chini ya madaraja yetu, nyingine zinabaki pale zinaziba, njo maana maji inapanda juu ya barabara na kuingia mu nyumba za watu, na zile zinazopita zinafika ziwani. Na Ziwa Kivu, wengi hawajui hii, iko na mlango mmoja tu wa kutokea, ni mto Ruzizi, na mlango huo uko hapa kwetu. Maana yake kila kitu kinachoelea, chupa ya Goma, ndala ya Kalehe, bido (dumu) iliyopasuka ya Idjwi, hata vitu vya upande wa Rwanda, vikisukumwa na upepo na maji vinaweza kuja kujipanga hapa Bukavu kwenye mdomo wa Ruzizi. Na kilomita chache tu chini ya hapo kuna barage (bwawa la umeme) ya Ruzizi ya kwanza, inayotoa umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950, kisha chini yake Ruzizi ya pili iliyoanza 1989, hiyo ya pili ni ya nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi, kupitia SINELAC, kampuni yao ya umeme.

Mbele ya mashine za barage kuna vyuma kama chujio, kazi yake ni kuzuia uchafu. Chupa na sashe zikijaa pale maji haipiti vizuri, na ingine inazama inapenya chini, inajikunja kwenye turbini, basi wafanyakazi lazima wasimamishe mashine, watu wa kupiga mbizi waingie kutoa takataka kwa mikono. Mashine moja ikisimama umeme unapungua, na ukipungua wanaanza kugawa, kartie hii leo, ile kesho. Wewe uko kwako gizani unatukana SNEL, shirika la umeme la Leta. Nakuachia utukane, mimi pia natukana, ila sehemu ya lile giza ilipitia kwenye mkono wetu.

Sheria sasa. Katiba ya 2006, kwenye artikle 53, inasema kila mtu ana haki ya kuishi kwenye mazingira safi, na hapo hapo inaongeza kwamba ana lazima ya kuyalinda, kisha inasema Leta inapaswa kuangalia mazingira na afya ya raia. Watu wengi wanashika kipande cha kwanza tu. Halafu kuna sheria kubwa namba 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa 7 mwaka 2011, hiyo njo mama wa sheria zote za mazingira kwa nchi yetu, na ndani yake kuna kanuni moja ambayo watu wanaigeuza kila siku: mwenye kuchafua njo analipa. Kuna patroni mmoja aliniambia "basi mimi nalipa taksi (kodi), niacheni nimwage". Hapana! Kulipa si kununua ruhusa ya kuchafua. Maana yake ni kwamba gharama ya kuzuia uchafu, ya kuusafisha na ya kurekebisha ulichoharibu inatoka kwenye mfuko wako wewe uliyefanya, haiangukii jirani anayekohoa wala mvuvi wa sambaza (samaki wadogo) ambaye wavu wake unarudi na chupa.

Na takataka ni ya nani? Ikiwa bado ndani ya parseli (kiwanja cha nyumba yako) ni yako, wewe mwenye nyumba ama mpangaji, hapo hakuna mjadala, huna ruhusa kuitupa pahali hapakupangwa, iwe mtoni, barabarani ama kwenye kiwanja cha jirani aliyesafiri. Ikitoka kwenye parseli kufika pahali palipopangwa, inakuwa mzigo wa mji na komine, kwa sababu sheria ya 2011 inaweka usimamizi wa takataka kwa Leta, kwa provensi na kwa zile entite za chini zenye mamlaka yake, na sheria ya 2008 kuhusu entite hizo inapatia mji na komine kazi ya usafi. Yaani burgumestre (mkubwa wa komine) na meya hawawezi kusema "hiyo ni mambo ya Kinshasa". Kinshasa wanapanga kanuni za nchi nzima, provensi inafuatilia na kutia kanuni zake, lakini pahali pa kumwaga, gari, na nani anapita siku gani, hiyo iko hapa hapa.

Mimi kwa maoni yangu, mnyororo unakatika pale katikati, kati ya mlango wa parseli na gari. Kuna vijana na mashirika madogo wanakusanya takataka nyumba kwa nyumba kwa malipo ya kila mwezi, wengine wanafanya vizuri sana na nawaheshimu, lakini mimi mwenyewe niliwahi kulipa miezi mitatu kwa kikundi kimoja, mwezi wa kwanza wakapita mara mbili, wa pili mara moja, wa tatu nikabaki na magunia ninayaangalia kama wageni wasiotaka kuondoka. Mtu wa servisi ya mazingira, fikiria! Mke wangu akaniambia hata kwako wewe Leta haifiki. Tangu siku hiyo naambia watu: mbele ya kulipa uliza karatasi inayoonyesha wanajulikana kwa komine, uliza wanaenda kumwaga wapi, kwa sababu kama wanachukua kwako na kumwaga chini ya daraja usiku, umelipa ili uchafu uhame mita mia tano tu.

Tufike kwa sashe sasa, hapo kuna kitu kinaniuma. Tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2017 serikali ilisaini dekre (amri ya serikali) namba 17/018 ya kukataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe na vifungio vya plastiki, na ikatoa miezi sita watu wajipange. Miezi sita! Hesabu mwenyewe tuko wapi. Wenzetu wa Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi, walikataza sashe tangu 2008, Kenya ilikaza 2017, Tanzania 2019. Na raia wetu si kwamba hawawezi kuishi bila sashe, mimi nasimama pale mpakani naangalia: mama anateremka na bidhaa zake mu sashe, akikaribia upande wa pili anahamisha vyote kwenye kitunga ama mfuko wa kitambaa, anavuka safi kabisa, jioni anarudi, hatua mia moja baada ya daraja ananunua karanga na anazipokea mu sashe. Mama ni yule yule, kilichobadilika ni udongo anaokanyaga.

Njo maana sipendi operesheni za kukimbiza mama wa soko. Unamnyang'anya sashe hamsini, kesho anazikuta kwenye depo ileile, tena bei imepanda kidogo kwa sababu ya woga. Dekre haikukataza kutumia peke yake, inataja kuingiza na kuuza, na wanaoingiza si mia, mizigo inapita kwenye duane (forodha), ina karatasi. Ukianzia kwenye depo unafunga bomba, ukianzia kwa mama unakausha maji na kitambaa huku bomba iko wazi. Wakubwa zangu wakisoma hapa watanisamehe.

Kuna takataka nyingine hazionekani sana lakini zinanitisha kuliko sashe. Sindano na bandeji kutoka kwenye vituo vya afya na zile farmasi zinazodunga watu nyuma ya pazia, hizo kamwe hazichanganywi na maganda ya ndizi, zinawekwa mu boksi yake ngumu na zinachomwa kwenye inseneratere, na anayezizalisha njo anawajibika mpaka mwisho. Watoto wanaokota sering kuchezea maji, nimeona kwa macho yangu. Pile (betri) za tochi na redio nazo zina sumu ya metali, usitupe chooni wala shambani. Na plastiki, tafadhali, usichomee kwenye parseli. Najua inaonekana ni usafi, moshi unapanda, rundo linaisha, lakini ule moshi mweusi una sumu, kuna moja inaitwa dioksini, inakaa mwilini miaka, na anayeuvuta kwanza ni mtoto aliye mgongoni mwa yule anayechoma. Nimesikia kuna wanaowashia makaa kwa sashe ili moto ushike haraka, halafu chakula kinapikwa pale juu.

Habari nzuri kidogo: ukifungua gunia ya takataka ya nyumba ya kawaida hapa kwetu, kubwa yake ni maganda, miti ya sombe, majani ya lenga-lenga, mabaki ya ugali, majivu. Hiyo yote inaoza. Chimba shimo ukiwa na nafasi, ama tumia gunia la zamani, weka maganda, funika na udongo kidogo, geuza mara kwa mara, miezi michache una mbolea, na mbolea inauzika kwa watu wa bustani. Kinachobaki cha kupeleka kinakuwa kidogo mno, hata pale Kadutu juu mtoto anaweza kukiteremsha kwa mkono bila kungoja mvua.

Kwa viwanda, stasio za mafuta, hospitali kubwa na kazi zote za namna hiyo sheria ni kali zaidi. Mbele ya kuanza, mwenye mradi lazima afanyishe utafiti wa madhara kwa mazingira na kwa maisha ya watu, unaangaliwa na Ajansi ya Kongo ya Mazingira, ile ACE iliyoundwa 2014, na raia wa pale wanapaswa kuulizwa mawazo yao. Ukiona msingi wa stasio unachimbwa karibu na chemchem yenu na hakuna mtu amewauliza kitu, mna haki kuuliza utafiti uko wapi. Hiyo siyo kumchukia tajiri, ni sheria.

Neno la mwisho ni la amandi (faini), kwa sababu njo swali napata kila siku. Ajenti akikuja kwako, kwanza akuonyeshe kitambulisho na ordre de misio yake (karatasi ya kutumwa kazi), akueleze kosa ni lipi, na akuandikie. Hakuna amandi inayolipwa mkononi chini ya mti. Unapewa karatasi, unaenda kulipa pale wanapopokea hesabu za Leta, unapewa resu (risiti) yenye muhuri, unaitunza. Akikataa kuandika huna lazima ya kumpa kitu, na nasema hivi nikijua kuna wenzangu hawatafurahi.

Na kama ni wewe unalalamikia rundo lililo mbele ya mlango, piga picha, andika tarehe na jina la avenyu, peleka barua kwa burgumestre kwa kopi mbili, moja wakupigie muhuri ya kupokea ubaki nayo. Mkisaini majirani kumi ni bora kuliko mmoja. Asiyejua kuandika apite kwa shefu wa avenyu, yeye anapaswa kuipandisha kwa shefu wa kartie mpaka komine. Baada ya wiki mbili rudi na ile kopi yako, uliza jibu. Simu yangu pia muendelee kupiga, nitapokea, ila ile lori kweli sina.