Yom Kippur haifuti kila kosa
Wengi tumekua tukisikia kwamba Wayahudi wakifunga Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, dhambi zao zote za mwaka hufutika. Ukisoma Walawi 16:30 peke yake, ni rahisi kuelewa hivyo. Ila Mishna, mkusanyo wa sheria zao wa yapata mwaka 200, inatenganisha: kosa kati ya mtu na Mungu husamehewa siku hiyo, kati ya mtu na mwenzake, hapana, mpaka umridhishe uliyemkosea. Ndiyo maana kabla ya mfungo mtu hubisha hodi kwa jirani aliyemtukana. Akikataliwa, hurudi hata mara tatu, kila safari na watu watatu wa kumwombea msamaha. (Kufunga saa 25 huenda ndiko kwepesi.) Ukitaka kuhakiki, tafsiri za Mishna zipo mtandaoni; fungua Yoma 8:9.