Namba iliyo kwenye tiketi yako ni ya nani?

Jumatatu moja asubuhi, miaka mingi sasa imepita, nilifungua droo katika ofisi ya tiketi nilikokuwa nimeajiriwa hapa Arusha nikawasha simu ya kazi. Ilikuwa imezimwa tangu Jumamosi mchana. Zikaingia meseji tatu mfululizo, zote za ndege moja, zote za abiria mmoja: mama wa Machame aliyekuwa anakwenda Uingereza kumwona mjukuu wake wa kwanza. Ratiba ilikuwa imebadilika, ndege ingeondoka masaa mawili na nusu mapema kuliko ilivyoandikwa kwenye tiketi. Yeye alifika KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, Jumapili kwa muda ule wa zamani, kitenge kipya mwilini, karanga za mjukuu kwenye mkoba, akakuta kaunta imeshafungwa. Aliyeandika namba ya ofisi kwenye bukingi yake badala ya namba yake mwenyewe ni mimi.

Ndiyo maana leo mteja akikaa mbele yangu, kabla hatujaongea bei, namuuliza: simu yako unayotembea nayo ni namba gani?

Watu wengi wanaamini ukishalipa nauli shirika la ndege linakujua. Linachojua ni kile kilichoandikwa kwenye bukingi yako, ile yenye alama sita za herufi na tarakimu tunayoiita PNR. Ndani ya bukingi hiyo kuna mstari maalumu wa simu ya abiria, unaotambulika kwa herufi CTCM. Ndege ikichelewa, wanaosimamia safari za shirika huingiza muda mpya, kisha mfumo hupitia bukingi zote za ndege hiyo, huchota namba zilizo kwenye mstari huo na kuzirushia meseji. Hakuna mtu aliyekaa mahali anapiga simu kwa abiria mmoja mmoja. Namba yako ikiwa imeandikwa kando, tuseme kwenye maelezo ya wakala, binadamu akifungua ataiona, lakini mfumo utaipita kama haipo.

Tangu Juni 2019, IATA, yaani chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, kupitia Azimio 830d inamtaka wakala amwombe abiria namba ya simu na baruapepe, aziweke panapostahili. Abiria anaweza kukataa, na kukataa kwake nako kunaandikwa. Pamoja na hayo bado naziona tiketi zenye namba ya wakala mwenyewe. Wapo wanaofanya hivyo kwa mazoea, wapo wanaoogopa kwamba shirika likipata namba ya mteja litamchukua. Hofu hiyo naielewa, soko letu ni dogo na kila mtu anapigania mkate wake. Lakini wakala analala, anazima simu, anakwenda msibani Rombo kusikoshika mtandao. Mwenye safari ni abiria.

Kuna kosa jingine dogo linaloharibu mengi: sifuri ya mwanzo. Mfumo ulio Doha au Amsterdam hauna habari kwamba 07 ni namba ya Tanzania. Iandikwe 255, zifuate tarakimu tisa, basi. Muombe wakala akusomee kilichoandikwa, namba kwa namba, ukiwa bado umekaa kwenye kiti chake. Kama umenunua mtandaoni, ingia kwenye tovuti ya shirika kwa PNR na jina lako la mwisho, utazikuta taarifa zako za mawasiliano na mara nyingi utaweza kuzirekebisha mwenyewe. Na ukibadilisha laini baada ya kukata tiketi, rudi ukaseme.

Vijana huniuliza kwa nini nang'ang'ania meseji wakati kuna WhatsApp na programu za mashirika. Kwa sababu wateja wangu wengi ni wazazi wenye kitochi. Meseji ya kawaida haihitaji bando. Inapita kwenye njia ileile ambayo mtandao huitumia kuiarifu simu kwamba inapigiwa, kwa hiyo hata pale kwenye migomba ambapo intaneti inasuasua, yenyewe inapenya. Simu ikiwa imezimwa, ujumbe hukaa kwenye kituo cha mtandao ukisubiri, na chaji ikirudi unaingia. Haukai milele lakini, muda wake ukipita unafutwa.

Kusubiri huko kuna mtego wake. Ukiwasha simu baada ya nusu siku, meseji zinaweza kumiminika bila mpangilio: moja inasema ndege itaondoka 1710, nyingine 1620. Usiamini iliyoingia mwisho, tafuta iliyotumwa mwisho. Ucheleweshaji huweza kupungua, ndege iliyotangazwa kuchelewa masaa mawili ikaondoka baada ya saa moja. Kwa hiyo ushauri wangu haujabadilika: meseji ikisema ndege imechelewa siku hiyohiyo ya safari, ondoka nyumbani kwa muda uleule uliopanga, isipokuwa shirika lenyewe limekwambia uje baadaye. Kaunta za safari za nje kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya kuruka, na haina maana kwamba ndege ikichelewa kaunta nayo imechelewa.

Sasa kuisoma. Meseji moja ina nafasi ya herufi 160, kwa hiyo hubanwa namna hii: JRO DAR 14MAR ETD 2150 LT. JRO ndiyo KIA yetu, herufi zimetoka kwenye jina Kilimanjaro. (Ukiona ARK, huo ni uwanja wa Kisongo hapa Arusha, na kutoka kimoja kwenda kingine si mwendo wa kuubahatisha dakika za mwisho.) ETD ni muda unaotarajiwa wa kuondoka. LT ni saa za mahali ndege inapoondokea. Ukiona UTC au Z, hizo ni saa za kimataifa, ongeza masaa matatu upate saa za Tanzania.

Kinachowaponza watu zaidi ni saa yenyewe. 2150 si saa ishirini na moja, ni saa nne kasoro dakika kumi usiku. Mtu wa ofisini anaona ni jambo dogo, lakini mzee ambaye maisha yake yote saa moja ni jua linapochomoza ataisoma 0700 kuwa saa saba, na saa saba kwake ni mchana. Mbaya kuliko zote ni ndege za baada ya saa sita usiku. Tiketi inasema 14MAR 0045. Kwa hesabu ya ndege tarehe 14 imeshaanza. Kwa mazungumzo yetu ya nyumbani huo bado ni usiku wa tarehe 13. Mtu anaaga ndugu tarehe 14 jioni, anafika uwanjani saa tatu usiku, ndege yake ilishaondoka usiku uliopita. Mimi huandika kwa kalamu nyekundu juu ya tiketi: usiku wa kuamkia tarehe 14, uwe KIA tarehe 13 saa nne kasoro robo usiku.

Vilevile siku hizi sisemi tena "safari imesogezwa mbele." Kuna anayeelewa imewahishwa, kuna anayeelewa imeahirishwa. Nasema itaondoka mapema, au itachelewa, kisha nataja saa.

Meseji ya kweli ya ndege huja na taarifa tu. Haiombi namba ya siri, na haikwambii "ile hela tuma kwenye namba hii". Ikiomba malipo, piga kwa wakala wako au kwa shirika, usijibu.

Kwa wanaokwenda kupokea mgeni: ujumbe unamfuata abiria, haukufuati wewe uliyekodi Costa kutoka Rombo na shangazi kumi ndani. Naye abiria yuko hewani, simu imezimwa. Chukua namba ya ndege yake mapema, uiangalie kwenye tovuti ya shirika au Flightradar24, inayoonyesha ndege zilipo angani, kabla hamjafika njia panda ya KIA.

Yule mama alisafiri baadaye, na tiketi ya mara ya pili niliikata mimi. Niliweka namba ya kitochi chake, nikamsomea mara mbili, akaitikia kila tarakimu. Siku ya safari, saa tisa alasiri, simu yangu ikaita.

"Mwanangu, kimelia hiki. Kimeandika mbili, moja, tano, sifuri. Ndiyo saa ngapi?"

"Shikamoo mama. Ni saa nne kasoro dakika kumi usiku. Mwanzo ilikuwa saa tatu na dakika tano, imechelewa kidogo."

"Marahaba. Kwa hiyo tuondoke saa ngapi?"

"Ileile tuliyopanga, mama. Saa kumi na moja muwe barabarani."